Nilivyohesabu Manjanja ya Kashebere

Kwetu Mweso mtu hakuulizi nyumba yako ina vyumba vingapi. Anauliza ina manjanja mangapi. Manjanja ni mabati ya kuezekea, na ukishataja idadi yake umemaliza mazungumzo: ukubwa wa nyumba, jasho la mwenyewe, hata benchi atakalokalia kanisani. Kijana akienda kuposa, wajomba wa msichana humuuliza kwa adabu kwamba kwao ni manjanja mangapi. Akijibu ishirini, wanakohoa. Akijibu arobaini, wanamsogezea kiti.

Lakini nyumba hiyohiyo ina hesabu mbili. Siku ya posa ina manjanja arobaini. Siku watu wa impo, yaani watu wa kodi, wanapopita, ni kibanda tu, tena cha marehemu babu, tena kinavuja. Nalijua hilo vizuri kwa sababu nilikuwa mtu wa impo. Nilitembea barabara kutoka milima yetu ya Masisi hadi msitu wa Walikale nikiandika nyumba za watu, na sikukutana na mtu hata mmoja aliyekiri kwamba ana nyumba. Wote walikuwa na vibanda.

Kazi ilikuwa hivi. Ofisi ilitaka orodha ya nyumba zote zilizo kando ya barabara, kila moja na karatasi yake, ambayo tuliiita fishi. Katika fishi unaandika jina la mwenye nyumba, kuta ni za nini, matofali ya kuchoma au mbao au miti na udongo, paa ni la nini, na mwisho ukubwa wake kwa mita. Kutokana na hayo nyumba inapewa daraja, na daraja ndilo linalosema mwenye nyumba atalipa nini kila mwaka. Ukikosea mita chache, mtu anapanda daraja ambalo si lake, na atalipa kwa daraja hilo mpaka mtu mwingine apite kusahihisha, kama atapita.

Tulikuwa wanne, watatu wanaume na mimi. Dekametre, yaani utepe wa kupimia, ilikuwa moja kwa wote wanne, na mita yake ya kwanza ilikuwa imekatika, kwa hiyo ulianzia kwenye alama ya moja na kutoa moja mwishoni. Hata ukiwa nayo mkononi, kupima kuta si mchezo. Lazima uingie ndani ya ua, na kuingia kuna mbwa, kuna mgonjwa amelala, kuna mama anayekuambia bwana hayupo na funguo amekwenda nazo shambani. Wenzangu waliandika nyumba tano kwa siku, sita wakibahatika.

Mimi niliandika thelathini.

Siri yangu ilikuwa baba. Baba alikuwa fundi wa mbao, na nyumba zake za mikaratusi bado zimesimama Mweso, nyingine zilizojengwa kabla sijazaliwa, nyingine zinazopokea wageni waliokimbia vijiji vyao, familia tatu chini ya paa moja, na hazijalalamika. Nikiwa mwaka wa nne wa shule ya msingi alinisimamisha barabarani mbele ya nyumba aliyokuwa amemaliza, akanifundisha kuisoma bila kuigusa. Unahesabu manjanja ya ukingo wa chini, kutoka pembe hadi pembe. Unahesabu mistari kwenda juu hadi kileleni. Unazidisha, unaongeza upande wa pili, na baba alikuwa na namba yake moja ya kugeuza manjanja kuwa mita za ndani. Kisha tuliingia, tukapima kwa kamba, na ikatoka ileile.

"Mwenye nyumba anakudanganyaka," alisema. "Manjanja, hapana."

Basi nilisimama barabarani na kalamu yangu, nikahesabu. Sikuhitaji funguo za mtu wala ruhusa ya mbwa. Mwenye nyumba alipokuwa bado anatunga habari za kibanda cha marehemu babu, mimi nilikuwa nimeshamaliza, namsomea mita zake. Nilipokuwa na shaka niliingia na kupima, na kila mara, katika milima yetu, baba alikuwa amesema kweli. Nisifiche: nilijivuna. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kazi ile, na shefu wangu, mkuu wa ofisi, aliwaambia wanaume mbele yangu kwamba waje wajifunze kwangu. Nililala usingizi mzuri sana miezi ile.

Kwa sababu ya mwendo wangu nilipewa upande wa mbali, kuteremka kuelekea Walikale. Nikapewa pia papa mmoja wa kule, yaani baba mtu mzima, mwindaji wa zamani, wa kunionyesha njia na kunisemea kwa wakubwa wa vijiji. Alikuwa Mkristo wa kuamka alfajiri kusali, ila kulikuwa na kijito kimoja ambacho hakukivuka bila kuangusha jani majini kwanza, na nilipomuuliza aliniambia kwamba Mungu na wazee hawagombani ila sisi tunaowagombanisha. Tulitaniana njia nzima. Aliniambia watu wa Masisi wanatembea kama wanaofukuzwa na ng'ombe. Nikamjibu kwamba watu wa Walikale hawatembei kabisa, wanasubiri barabara iwapite.

Kijiji cha kwanza cha upande wao kilikuwa Kashebere, na pale Kashebere ndipo nilipokutana na mama wa lituma.

Lituma ni ndizi zilizochemshwa na kupondwa, na yule mama aliipika vizuri kuliko mtu yeyote wa barabara ile. Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, imepakwa chokaa nyeupe, imekaa pembeni mwa barabara, na paa lake lilikuwa limetoka mbele ya ukuta hatua mbili nzima za mtu mrefu. Chini ya sehemu hiyo iliyotoka palikuwa na mabenchi mawili na jiko, na hapo ndipo madereva wa malori na watu wa pikipiki walipokula, wakikauka kutoka mvuani. Ile barza, kama walivyoiita, ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake wanne. Mumewe aliijenga, na mama aliniambia hilo kabla sijamuuliza lolote.

Nilihesabu manjanja yake nikiwa bado nimesimama barabarani. Yalikuwa mengi kuliko ya mchungaji wa kwetu. Nikafanya hesabu ya baba, nikamsomea mita, nikamwambia daraja lake. Lilikuwa daraja la wenye maduka.

Hakusingizia kibanda kama wengine. Aliweka mwiko chini, akatazama paa lake, akanitazama mimi.

"Mama, umepima mvua yangu," alisema. "Nyumba haujaipima."

"Mama, mimi ninahesabu manjanja. Iko mingi, ao haiko mingi?"

"Iko mingi. Lakini silalake chini ya yote."

"Kila mutu anasemaka hivyo."

"Ingia basi. Mlango iko wazi. Ingia uone kitanda yangu iko wapi."

Sikuingia. Ndilo jambo linaloniuma hadi leo, kwamba mwenye nyumba wa kwanza katika kazi yangu yote aliyenikaribisha ndani, mimi nilimkatalia. Nilikuwa nimeshaandika nyumba kumi na tisa siku ile na nilitaka kufikisha thelathini. Katika nafasi ya maelezo niliandika kwamba mwenye nyumba ni mgumu, nikafunga kalamu. Yule papa mwindaji alikuwa anakula lituma yake kimya, akichovya kwenye sombe, yale majani ya muhogo, kana kwamba hayo hayamhusu.

Tukaendelea kuteremka kijiji baada ya kijiji, na thelathini zangu zikawa thelathini na tano. Nilifika Mubi nikiwa na mfuko mzima wa fishi. Mubi ni mji wa barabara ya msituni, maduka huku na huku, malori yanayosubiri mengine yatoke kwenye tope, pikipiki zinazobeba kila kitu kwenda machimboni. Tulijikinga mvua kwenye mlango wa duka moja. Ikapita pikipiki imefunga manjanja nyuma. Ikapita nyingine, na ya tatu. Mimi ni mtoto wa fundi, macho yangu huenda pale yanapotaka: yale manjanja yalikuwa na matundu ya misumari. Yalikuwa yamekaa juu ya nyumba ya mtu.

"Papa, wanajenga wapi?" niliuliza.

"Hawajenge. Wanabomoa."

"Juu ya nini?" Nilitaka kujua sababu.

"Juu yako," alisema yule papa, bila ubaya wowote. "Habari ilikutangulia. Wanasema impo ya sasa inahesabu manjanja. Donc, basi, wanapunguza."

Nilicheka kwanza, nikidhani ni utani wetu uleule. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba kutoka Kashebere hadi pale watu walikuwa wanang'oa mabati ya barza zao na kuyauza Mubi. Nikamuuliza kwa nini ang'oe mtu paa la nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya karatasi. Hapo alinigeukia kama mwalimu anayemgeukia mtoto wa nyuma ya darasa.

"Hapa mvua iko inatupiga kila siku. Ukuta ni udongo. Usipotoa paa mbali, ukuta inakunywa maji, inaanguka. Ile yenye iko inje haiko nyumba. Ni mwavuli."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Watu wa Masisi hawaulizake. Wanaelezeaka."

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, na mimi mtu mzima mwenye diploma sikuwa nimeuliza. Nilichukua dekametre kutoka kwenye mfuko, nikaingia nyumba ya jirani ya lile duka, moja kati ya zile nilizokuwa nimeziandika asubuhi ileile, nikaomba kupima kuta. Mwenye nyumba alishika upande mmoja, mimi mwingine. Nikatoa ile mita moja iliyokatika. Nikazidisha. Ilikuwa karibu nusu ya nilichoandika.

Nikaingia ya pili. Nusu tena. Ya tatu sikuimaliza; nilikunja dekametre kwa hasira, na hasira ilikuwa yangu juu yangu. Kwetu milimani ni upepo unaotawala. Ukitoa paa mbele sana upepo unalikamata na kulipeleka kwa jirani, kwa hiyo baba alilikata karibu kabisa na ukuta, na ndiyo maana namba yake ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli kwa nyumba za Mweso. Baba hakuwahi kujenga msituni, wala hakuwahi kusema kwamba amejenga. Mimi ndiye niliyechukua kipimo cha upepo nikaenda kupimia mvua.

Nilirudi ofisini kwa pikipiki, na fishi zote tumboni mwa koti ili zisilowe. Nilimweleza shefu kila kitu, nimesimama. Alizipitia taratibu. Nikaona kwamba anazipenda.

"Hizi chiffre, hizi namba, ni nzuri," alisema.

"Ni nzuri, shefu, lakini ni za uwongo. Nyumba za kule ni ndogo kuliko vile niliandika."

"Ukirudi kuwaambia watu ulikosea, kesho kila mutu atasema na yake mulikosea. Serikali haikoseake namna hiyo."

"Sahihi iko hapa ni yangu. Haiko ya serikali."

Akaniambia, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba namba ikiwa kubwa watu watakuja wenyewe kulalamika, na hapo itarekebishwa. Nilimfikiria yule mama wa lituma akifunga jiko lake na kupanda milima siku mbili kuja kulalamika mbele ya meza hii. Nikamwambia kwamba fishi zenye jina langu sitaziacha hapo. Nikazikusanya. Wenzangu watatu walikuwa wanatazama sakafu.

"Kama unarudi, ni kwa mguu yako na kwa siku zako," alisema shefu.

Nikamjibu kwamba mguu ninao. Si jibu la heshima, najua, mama yangu angenipiga kofi. Lakini lilitoka, na sijawahi kulijutia.

Nilianzia Kashebere kwa sababu huko ndiko kulikoniuma zaidi. Nilimtumia ujumbe yule papa mwindaji, akanisubiri kwenye mpaka wa vijiji, hakuuliza nani atamlipa siku hizo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilipoiona nyumba ya mama nilidhani nimepotea njia. Ile barza haikuwepo. Paa lilikuwa limekatwa sawasawa na ukuta, kama nyumba ya kwetu, na ukuta wenyewe, ule mweupe, ulikuwa umegeuka kahawia kutoka chini hadi magotini, na kwenye pembe moja udongo ulikuwa umeanza kuteleza na kuacha miti wazi. Hapakuwa na benchi wala jiko. Malori yalipita bila kusimama.

Mama alitoka. Hakunisalimia, ila alisimama pembeni ili mlango ubaki wazi, na safari hii niliingia.

Manjanja yake yalikuwa ndani, yamesimamishwa ukutani moja nyuma ya jingine, yamefutwa vizuri. Hakuyauza. Yalichukua nusu ya chumba cha wajukuu. Nikamwomba ashike mwanzo wa dekametre, na yeye mwenyewe aliniuliza kwa nini inaanzia kwenye moja, nikamweleza, akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa vitu vilivyokatika. Tulipima urefu. Tukapima upana. Alinifuata kwa macho nilipozidisha, tena midomo yake ilikuwa inahesabu, na alimaliza kabla yangu. Ilikuwa nyumba ndogo. Ilikuwa daraja la chini kabisa katika karatasi yangu, na ingekuwa hivyohivyo hata paa lingefika katikati ya barabara.

"Donc niling'oa paa yangu bure," alisema.

Ninawajua watu wa ofisi, nimekuwa mmoja wao. Pale kuna maneno mengi ya kupita pembeni. Unaweza kusema kanuni imebadilika. Unaweza kusema ni mambo ya mjini, ni makosa ya mashine, ni wale waliotutangulia. Yote yalinijia kichwani, kila moja likiwa limevaa vizuri.

"Bure kabisa, Mama," nilimwambia. "Nilikosea mimi. Uliniambia, na sikukusikia."

Alitoka nje mvuani, akapiga makofi mara tatu, akawaita majirani kwa sauti ile ya kuitia watu msibani. Walitoka mmojammoja, wamejifunika majani ya migomba na mifuko, wakasimama mbali kidogo, kwa sababu walinitambua. Baadhi yao walikuwa wamefunga milango waliponiona nikija. Mama akanishika mkono akanisimamisha mahali ambapo barza yake ilikuwa, maji yakitumwagikia wote wawili kutoka kwenye lile paa lililokatwa.

"Rudilia," aliniambia. "Wasikie."

Nikarudia. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyehesabu manjanja, kwamba hapa manjanja si kipimo, kwamba aliyeng'oa arudishe, na kwamba nimekuja kupima kuta za kila mtu upya, na fishi ya zamani nitaichana mbele yake. Mzee mmoja asiyesikia vizuri akaomba nirudie tena. Nikarudia mara ya tatu kwa sauti kubwa zaidi, kichwa kimelowa, na nasema ukweli: sikuona haya. Nilisimama wima kuliko siku yoyote niliyoandika nyumba thelathini. Yule papa mwindaji alikuwa ameshaingia ndani, na nikamsikia akianza kutoa manjanja moja baada ya jingine, akiuliza nyundo iko wapi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanaume mmoja, ambaye mara ya kwanza alikuwa ameniapia kwamba nyumba anayolala si yake na mwenyewe hamjui, alijipangusa maji usoni.

"Ukimaliza kwa Mama, kuya upime na kwangu," alisema. "Iko nyumba yangu. Niliijenga mwenyewe."